Kuihamisha Kontti

Barua ilikuwa na aya mbili:
malalamiko yamezidi, mteja mpendwa,
tunakupa siku kumi na nne.
Hawakusema ondoka. Walisema tunasikitika,
neno livaalo glavu kabla ya kukukamata shingo.

Nikampigia Tuulikki, mhazini wetu,
mkutubi mstaafu, mitaa mitatu kutoka kwangu hapa Oulu.
Akauliza moja tu: "Euro ngapi?"
Thelathini na moja kwa mwezi, nikamwambia,
huko Romania, katika jengo lililokuwa kiwanda cha soksi.
Kimya. Kijiko kikagonga kikombe.
"Basi mkutano wa Machi hauna keki."

Chama chetu kina watu watano. Mmoja hajibu simu.
Ndiye huyo Jarkko aliyeipa seva jina: Kontti,
mkoba wa gome la mti
ambao babu yake alibebea samaki msituni.
Nayo hubeba.
Mzigo huja umevikwa ganda juu ya ganda, kama kitunguu;
kila kituo njiani humenya lake, hupitisha.
Sisi ni ganda la mwisho:
twauona mlango unaobishwa,
hatumwoni abishaye.

Ndiyo, na wezi hupita. Sikudanganyi.
Polisi alikuja mara moja, kijana mpole,
viatu vyake vikamwaga theluji ukumbini.
Akaomba daftari la waliopita.
Hatuna daftari, nikasema. Hatukulificha. Hatukuliandika.
Tuulikki akamsogezea kahawa:
"Miaka thelathini na mbili nimeazimisha vitabu.
Kitabu kikirudi, jina la msomaji nililifuta.
Unadhani nilikuwa namficha nani?"
Kijana hakujibu. Aliongeza sukari.

Usiku wa kuhama niliketi jikoni, soksi mbilimbili.
Seva yenyewe ni bati na feni, haihami;
kinachohama ni ufunguo,
faili dogo lisilojaza nusu ukurasa.
Huo ndio Kontti. Ukipotea,
miaka sita ya kuaminiwa imekwenda na maji,
unarudi mtandaoni bila jina, bila mdhamini.
Na usiuwashe kule kabla ya kuuzima huku:
jina moja haliamki katika nyumba mbili.

Kwa hiyo nikaizima kwanza.
Haikufa ghafla. Ilikataa wageni wapya,
ikangoja sekunde thelathini
ili waliokuwa katikati ya sentensi wamalize.
Nilizihesabu kwa sauti, kama mpumbavu.

Kisha, tangu saa tisa na dakika kumi na mbili usiku,
hatukuwepo popote.
Mahali fulani mtu aliona ukurasa umeganda,
akatukana,
akapewa njia nyingine, akaendelea.
Hakujua sisi ni nani alipokuwa akitutumia;
atatukosaje?

Kule ikagoma kuamka.
Nikakagua ufunguo, herufi kwa herufi. Mzima.
Nikakagua anwani. Sahihi.
Dakika ishirini na nane za jasho katika baridi ile,
kumbe ni saa:
saa ya mashine ya Waromania ilikuwa nyuma kwa robo siku,
na mtandao hauzungumzi na anayeishi jana.
Nikairekebisha. Ikaamka.
Mstari mmoja wa kijani, basi.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Siku ya kwanza karibu hakuna aliyepita.
Ya pili, matone.
Ya tatu nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa
grafu ilipopanda katika simu yangu,
nikacheka peke yangu, mama mmoja akasogeza mtoto wake.

Kampuni ya zamani ikatuma dodoso:
je, ungetupendekeza kwa rafiki?

Mkutano wa Machi hatukula keki.
Tuulikki alileta kopo la matunda ya msituni, ameyagandisha tangu Agosti,
tukayala kwa vijiko, yakiwa bado na barafu.
Jarkko alikuja, amechelewa, bila maelezo.
Akauliza: tangu tuhame, wamepita wangapi?
Terabaiti tisa, nikasema.
Nimeuliza watu.
Najua ulichouliza, nikasema,
nikamsogezea kopo.