Theluthi ya Ziwa

Tangi la zamani lilikuwa la bati, lita arobaini.
Nililinunua pamoja na boti, likazeeka pamoja na boti.
Lita arobaini ni saa kumi za mashine.
Goziba ni saa kumi na mbili.
Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaona ilipovunjika.

Kwa hiyo miaka sita nimekuwa nikiishia Kome.
Nakunywa chai, natazama kaskazini
kama mtu anayetazama duka lililofungwa,
kisha nageuza usukani
na harufu ya dizeli mashavuni.

Mtasema, boti za abiria zipo. Zipo.
Nimezipanda. Zilifika, nami nikafika nazo
kama gunia la vitunguu linavyofika.
Mwanangu Minza, anayepima damu za wavuvi kule,
alinipokea akachungulia nyuma yangu:
"Na Taratibu umemwacha wapi?"
Taratibu ndiyo boti yangu.

Mtasema, dizeli inauzwa visiwani. Inauzwa,
robo yake maji. Nilinunua mara moja;
mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza
katikati ya mahali pasipo na katikati.

Ndipo nikaenda Kirumba, kwa Masatu,
fundi wa matangi ya malori.
Aligonga bati langu kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza, akatikisa kichwa.
"Theluthi ya kwenda," akasema, "theluthi ya kurudi,
theluthi ya ziwa.
Hiyo ya tatu si yako. Usiihesabu."

Mia na hamsini, basi. Matangi mawili ya aluminiamu,
moja kila ubavu, bomba la kuyasawazisha katikati,
na mrija mwembamba juu, maana tangi nalo hupumua.
Ndani akachomelea kuta zenye matundu,
mafuta yasije yakajidhani nayo ni ziwa.
Akajaza upepo kwa pampu ya baiskeli,
akapaka povu la sabuni ya mche kila mshono.
Pembe moja ikatoa jicho, likakonyeza.
Akachoma upya. Likakonyeza tena.
Siku hiyo Masatu hakula mchana.

Kisha uzito. Lita mia na kumi za nyongeza
ni kilo tisini na mbili, nami niliziandika
kwa chaki kwenye ubao wa sitaha
nikazitazama hadi jua likanichoma shingo.
Tezi ingezama. Kitu lazima kishuke.
Ikashuka friji ya barafu, ikashuka nanga ya pili,
na bado tangi la kushoto lilikosa pa kukaa
isipokuwa pale kilipo kitanda cha Nkwimba.

Nilimweleza mke wangu jioni, nikizunguka zunguka
kama anayetafuta pa kufunga kamba.
"Kilo ngapi?" akauliza.
Nikamtajia.
"Hizo ni mimi na mkoba wangu."
Nikakaa kimya; ilikuwa kweli hadi kilo ya mwisho.
"Ling'oe," akasema. "Kitanda changu kipo Nyegezi,
kina neti, na hakijawahi kunitapisha."
Lakini godoro alilibeba mwenyewe,
na hakutaka nimsaidie kulipitisha mlangoni.

Leo nimechonga kijiti kipya cha kupimia, cha mninga.
Sikuweka lita. Nimeweka majina:
juu kabisa Nyegezi, chini kidogo Kome,
theluthi ya kwanza ikiisha, Goziba,
ya pili ikiisha, Nyegezi tena.
Chini ya hapo sikuandika kitu.

Nkwimba akaninyang'anya kisu.
Kidole kimoja juu ya Goziba
akachonga mkato wake, mzito kuliko yangu yote.
"Mafuta yakifika hapa, unipigie."
Nikamwambia hapo mtandao haushiki,
hapo hakuna mnara, hakuna kisiwa, hakuna kitu.
Akapuliza vumbi la mbao.
"Piga tu."