Matundu Thelathini

Wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa
nilimpa Mafabi, mtoto wa kaka yangu, shilingi laki tatu
anitangazie masanduku yangu ya bati mtandaoni.
"Shangazi, hulipii tangazo. Unalipia anayebofya.
Mia tatu kila mbofyo. Asiyebofya hakugharimu."
Nikaona ni haki,
kama mizani ya muuza nyama anayemwogopa Mungu.

Picha aliipigia hapa hapa Namakwekwe:
sanduku la bluu, kufuli mpya,
mlima Wanale nyuma umekatwa kichwa.

Asubuhi ya kwanza, mibofyo mia mbili na kumi.
Nikafagia uwanja. Nikakopa bati kwa Wamimbi.
Nikavaa gomesi ya kanisani, nikakaa mlangoni.
Aliyekuja alikuwa mbuzi.

Siku ya pili, mia nne na sita.
Simu ililia mara moja: mtu wa Soroti
akimtafuta fundi wa pampu.

Nina daftari. Nililianza mume wangu alipoanza kunywa,
nikaliendeleza alipoacha,
maana namba zilikuwa zimeshanizoea.
Nikaandika: Hodi, mia sita kumi na sita. Miguu, hakuna.

Mafabi akanionyesha saa walizobisha:
saa nane usiku, saa tisa,
saa tisa na dakika moja,
na dakika mbili,
na dakika tatu,
kama mtu anayevuta tasbihi bila kusali.
Mzazi gani huyo anayelitazama sanduku sekunde moja,
akaondoka, akarudi, akaondoka,
haulizi hata bei?
Hata mwizi huuliza bei, ajue anaiba nini.

"Huenda ni mshindani," akasema Mafabi.
"Huenda ni mashine. Huenda ni vijana wanaolipwa kwa elfu."
"Na hao waliochukua pesa yangu, wanajua?"
"Wameandika kwamba wanachunguza."
Barua yao ilikuwa na adabu nyingi,
adabu ya mtu aliyekwisha kushiba.

Siku ya nne, mbofyo wa elfu moja, laki tatu zikaisha.
Usiku huo hakubisha mtu.
Mbele za watu nilisema nimepumzika.
Peke yangu, sijui kwa nini, niliona kama nimeachwa.

Jumamosi akaja kijana kwa miguu yake,
ndala moja nyekundu, nyingine ya kijani,
macho ya mtu ambaye hajui tena usiku ni wa nini.
Alitaka sanduku kubwa, rangi yoyote,
ila nimtobolee matundu ubavuni.
"Mangapi?"
"Thelathini. Waya za chaji zipite."
"Unaweka nini humo?"
"Simu, mama. Zinafanya kazi usiku kucha, zinapata joto."

Nyundo yangu ilikuwa juu. Ikabaki juu.

"Tangazo langu uliliona wapi?"
"Tangazo gani? Nilikusikia ukigonga."

Basi nikachukua msumari mnene.
Moja. Mbili. Tatu. Nilihesabu kwa sauti
mpaka jirani akazima redio.
"Sanduku lina bei yake," nikamwambia.
"Matundu yanalipiwa moja moja. Mia tatu kila tundu."
Akataka kucheka. Akanitazama. Akahesabu noti,
akaniongezea elfu tisa, akalibeba kichwani,
na upepo ukawa unapiga mluzi ndani yake
mpaka alipokata kona.

Nikafungua daftari.
Hodi, moja.
Miguu, miwili.