Maporomoko ya Jumapili

Siku sita mwamba mkavu.
Mbuzi wanalamba chumvi
pale ambapo pichani pana povu.
Maji yako juu, bwawani,
yanasaga umeme wa mjini.

Jumapili saa nne mhandisi anafungua lango.
Watalii wanapiga makofi
kana kwamba mlima umewatambua.

Etwari anachoma mahindi, anapaka ndimu na pilipili.
Jina lake ni Jumapili kwa lugha ya huku;
alizaliwa siku hiyo,
enzi maji hayana ratiba.

“Shangazi, kuna nini kingine cha kuona?”

Anafuta jivu, anaonyesha kwa kidevu:
kijiji chao, ndani ya bwawa.
Kiangazi kikikaza,
mawe ya makaburi ya babu zake huchungulia.

“Njooni Mei,” asema.
“Kiingilio bure.”