Kwa Mgeni wa Chumba cha Juu

Nekesa, ufunguo nimeuacha kwa Mbaruku fundi saa,
si yule muuza saa wa mkabala naye, huyo ni mwongo.
Mwamkie kwanza. Usianze na ufunguo.
Huku ukitanguliza haja mbele ya hujambo
haja utaipata, ila utapewa kwa ncha za vidole.

Ngazi ni kumi na tisa. Ya saba imeoza,
iruke kama niirukavyo mimi na goti langu bovu.
Maji ya kuoga ni ya kisima, yana chumvi;
sabuni isipotoa povu usidhani umeuziwa jiwe.
Ya kunywa yamo mtungini.
Akipita Kazungu na mkokoteni, mwambie madebe mawili,
na uyahesabu, hatakasirika.

Umenambia unaogopa kuja Ramadhani.
Usiogope. Kula.
Funga tu dirisha la uchochoroni,
si kwamba tutakuchukia,
ni kwamba harufu ya kitunguu saa tisa alasiri
ni mtihani, na mimi si malaika.
Jua likisimama utosini, mji hulala. Lala nawe.
Ikiadhiniwa magharibi, shuka chini:
hapana atakayekuuliza dini yako,
watakuuliza mbona mkate wa sinia hujaumaliza.
Mkono wa kulia. Ukisahau,
tutajifanya tulikuwa tukitazama tende.

Ukivuka Likoni kwa miguu hulipi kitu.
Mkoba kifuani, na usikimbie,
feri haijaanza leo kuondoka.

Nguo watakutisha nayo. Bega na goti visitirike, basi.
Leso nimekutundikia nyuma ya mlango.
Ukitaka yako, nenda Mtaa wa Biashara,
lakini usinunue rangi, soma jina.
Mgeni mmoja alijichagulia ya manjano, nzuri,
akapita nayo asubuhi mbele ya Bi Zuwena:
*Umekuja kwa hila, utatoka kwa aibu.*
Siku nane Zuwena hakuniitikia salamu,
alidhani ndimi niliyemtuma.

Milango piga picha utakavyo,
nakshi haina haya.
Watu, omba kwanza.

Mwaka juzi kijana wa Arusha, mpole,
alimpiga mama yangu pale barazani
akichambua choroko,
mtandio umeteleza begani, anacheka,
jino lake moja la mbele liko nje kama mgeni asiyebisha hodi.
Nikatoka nikiwaka. Futa!
Nikamsimamia kichwani mpaka akafuta,
akanionesha simu, hamna kitu.
Mama akasema, “Nawe! Si ungeniacha nicheke.”

Mfungo sita tulimzika.
Ninacho kitambulisho chake,
amekodoa macho kama aliyeulizwa deni.
Yule kijana nilimwandikia. Akanijibu kwa adabu:
alifuta kweli.

Basi omba, Nekesa.
Ukikataliwa tia simu mfukoni, shukuru,
na kesho pita tena, uombe tena.
Hili hutaambiwa na mwengine hapa mtaani,
wala mimi nisingekwambia mwaka juzi.

Nini tena? Hodi ni tatu; ya tatu ikikosa jibu, rudi.
Viatu viache chini ya ngazi, haviibiwi,
ila paka huvilalia.
Paka si wangu. Atakwambia ni wangu.

Na saa kumi za usiku utasikia mtu
akigonga debe uchochoroni, akiita majina.
Si moto, si mwizi, ni daku.
Geukia ukutani ulale.
Ama shuka. Nitakuwa macho peke yangu,
na chai siku hizi hunishinda,
bado naipima ya watu wawili.

Mwanasaumu