Shahamu

Miaka thelathini na miwili nimeuza nyama Langoni,
na moyo wa ng'ombe naujua kuliko wangu.
Ukiutoa kifuani unakuja umevaa:
shahamu ya manjano kwa ng'ombe mzee,
nyeupe kwa ndama,
imeng'ang'ania mishipa kama mtoto mgongoni.

Kisu changu huipitia pembeni, taratibu,
moyo usije ukafika mezani na kovu.
Vipande nawatupia paka,
nao paka wa Lamu hawaombi, wanadai.
Vinavyobaki vilikuwa vya Kupi wa mishikaki:
"Nyama bila shahamu, Famau, ni khutuba bila dua."
Tulicheka. Tulimzika Shaabani.
Alianguka saa nne asubuhi, kipepeo cha jiko mkononi,
na makaa yakaendelea kuwaka bila yeye.

Mimi si mnene. Muulizeni fundi Shee,
anayenishonea kanzu kwa kipimo kilekile tangu harusi.
Ndiyo maana ngazi ya nyumba yetu ilipoanza kunikaba
nilisema ni vumbi la punda wa chokaa,
nilisema ni gesi,
nikanywa tangawizi,
nikaegemea ukuta kama mtu anayesoma tangazo.

Mke wangu ndiye aliyelisoma.
Akatoa bangili moja sandukuni,
tukavuka hadi Mokowe, tukapanda basi la Malindi,
hatukusemezana mpaka Witu.

Chumba baridi. Daktari Jumwa, rika la binti yangu,
akanigeuzia kioo cha kompyuta.
Moyo wangu! Unatwanga gizani
peke yake, haujui kama unatazamwa.
"Hapa," akasema, na kalamu yake ikazunguka palepale
ambapo kisu changu hupita kila siku,
"ni mafuta. Haya hayapimwi kwa mkanda wa suruali.
Yamekaa juu ya mishipa inayoulisha moyo.
Si kila mwenye nayo huanguka, mzee.
Ila hatari yako imepanda."

Nilitaka kumwambia: mwanangu, kazi hiyo naijua.
Nipe kisu, nipe beseni, nipe dakika mbili.
Nikatazama mikono yangu mapajani,
mikono iliyosafisha mioyo isiyo na idadi,
imekaa kama wageni wasiojua kibla.

Hakuna kisu, alisema. Kuna miguu.
Kuna kidonge cha usiku.
Kuna kuacha ile sigara ya baada ya Isha.
Na samli.
Hapo nilitazama dari.

Sasa kila alfajiri natembea mpaka Shela na kurudi,
mchanga ukinivuta visigino.
Watoto wa chuoni wananiita Kuruta.
"Ndoo ule," mke wangu ananiita,
na mchuzi wa ukwaju hauna hata jicho moja la mafuta.
Nakula. Sisemi kitu.
Wakati mwingine nasema.

Jana mteja alitaka moyo mzima:
"Usiusafishe, uache na utamu wake."
Kisu kikasimama hewani.
Paka wakainua vichwa.
Nikaukata nilivyozoea, pembeni, taratibu,
mpaka mishipa ikaonekana, myembamba, ya buluu.

Akapiga kelele mizani ilipopanda:
robo kilo nzima imekwenda kwa paka, nani atailipa?
Nikamsogezea daftari la madeni.
Iandike hapo, nikamwambia,
kwa jina langu.