Nukta ya Saa Tisa Usiku

Kitabu kilisema treni imetoka stesheni A
kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa,
na darasa zima likapiga miayo.
Nani kati yao amewahi kufika stesheni A?
Nje, Ulaanbaatar ilikuwa hasi ishirini na tisa,
moshi umeegemea kioo kama mdai,
na mimi, Dulamsuren, mwaka wa kumi na tisa wa chaki,
nikakifunga kitabu.

Niligawa vipimajoto kumi na kimoja,
vya sokoni, viwili vimepasuka ubavu.
Vitundikeni nyumbani, mbali na jiko.
Kila saa, nukta moja. Anayesinzia amwachie mwenzake zamu.
"Mwalimu, hii ni aljebra au ulinzi?" aliuliza Temuulen.

Asubuhi walikuja na macho mekundu na karatasi za miraba.
Mhimili uliolala, saa. Mhimili uliosimama, joto.

Grafu ya Temuulen ilikuwa mstari mmoja,
ishirini na mbili, ishirini na mbili, ishirini na mbili,
umejinyoosha kama mtu aliyeshiba.
Anakaa ghorofani; bomba la maji ya moto
linapita ukutani kwao, hakuna anayeliamkia.
"Yangu haina kitu," alisema, nusura aone haya.
Bapa nayo ni habari, nikamwambia. Ibandike.

Za watoto wa mahema ya sufu zilikuwa na umbo jingine:
zinaporomoka kwa pupa jiko linapofifia,
kisha zinapunguza mwendo.
Hakuna aliyetaja kipeo. Myagmarsuren alisema,
"Joto likiwa jingi linakimbia. Likibaki kidogo linatambaa."
Niliandika maneno yake ubaoni kabla ya fomula,
na fomula ilipofika ilikuta kiti kimeshapashwa moto.

Halafu ya Khulan.
Saa tatu usiku, ishirini na nne. Kumi na saba. Kumi na tatu.
Kumi. Nane. Sita. Saa tisa: nne.
Saa kumi: kumi na tisa.
"Umekosea kusoma," wakasema wenzake,
nami nusura niseme hivyo hivyo,
mpaka nilipoona nukta ya saa tisa
haikuwa ya kalamu yake. Nene, nyeusi,
na kando yake alama ya kidole, ya masizi.

"Hapo nilikuwa nimelala. Baba alirudi, akakoka moto,
akanijazia. Saa kumi nilizinduliwa na joto."
Alirudi kutoka wapi?
"Kiwandani. Ndiye wa valvu za yale mabomba
yanayokwenda kwenye maghorofa."

Miaka yote hiyo nimefundisha uhusiano:
kwa kila x, y moja tu;
nimechora mishale kutoka duara hadi duara.
Sikuwahi kuuona mshale ukitoka kwenye karatasi ya mtoto mmoja
ukaingia katika ya mwingine.
Mwalimu ana uchu wa kueleza. Niliumeza.
Temuulen aliinuka, akang'oa pini,
akaihamisha karatasi yake ikae ubavuni mwa ya Khulan.
Aliibandika ikapinda. Nikaiacha.

Kengele ililia, Khulan akabaki.
Kwa penseli alikuwa ameuendeleza mteremko
kama vile hakurudi mtu:
sifuri, saa kumi na mbili kasoro dakika chache.
"Wiki ijayo ana zamu ya mchana," alisema. "Usiku atalala."
Nikaanza kutafuta neno la pole.
Hakuifuata pole. Alifuata kusahihishiwa:
ndoo ile ile ya makaa, ila igawanywe,
nusu saa sita, nusu saa tisa,
na mstari haushuki chini ya nane hadi alfajiri.
"Kengele mbili nimeshazitega. Niangalizie mteremko tu."

Nikauangalia. Alikosea alama moja ya kutoa.
Nikamrudishia penseli.