Mashine Inapohesabu

Umeme umerudi Moshi saa tisa usiku.
Feni zinavuma kama nyuki waliochokozwa,
skrini nyeusi: kiini kimoja kinahesabu kumbukumbu,
ukurasa kwa ukurasa, terabaiti kumi na mbili,
na vingine mia vimekaa tu, mikono mapajani.

Dakika saba. Chai yangu imeshika utando.

Mama, kule Kibosho, hakungoja kuhesabu mibuni yote
ndipo achume. Alishika mstari wa kwanza, akaita:
Ndeshukurwa juu, Eliakunda kwenye mfereji,
wewe mwenye uvivu, nifuate.

Nimefuta mistari minne, nimeandika kumi na mmoja.
Kila kiini na shamba lililo karibu nacho.
Mlango ufunguke kwa kurasa chache;
zilizobaki zihesabiwe watu wakiwa ndani.

Namimina chai nyingine. Nawasha.

Bado naipuliza.